Sekunde Mia na Sitini

Mwanangu Rufin alileta daftari mezani
kabla sijavua viatu vya zamu ya usiku.
"Mama, mwalimu katupa mgodi wetu wenyewe.
Kina, mita mia nne.
Kizimba kinaanza kimesimama,
kinaongeza mwendo robo mita kwa sekunde, kila sekunde,
hadi katikati ya shimo,
kisha kinapunguza vivyo hivyo mpaka chini.
Baba anafika baada ya muda gani?"

Nikanywa chai. Nikamwacha ahangaike.
Kalamu yake ilikimbilia lile shimo la kale
alikochimba babu yake Teofil, mita mia tu:
sekunde arobaini, alishaambiwa.
Akazidisha kwa nne, akapiga mstari chini yake:
mia na sitini.

Miaka kumi na tisa nimekalia kiti kile
cha chumba cha mtambo, huku Silesia,
mkono kwenye wenzo.
Sioni mtu. Naona alama nyeupe
iliyopakwa kwenye kamba ya chuma.
Kengele ikilia mara tatu najua ndani wamo watu, si makaa,
na chini ya kiganja changu ananing'inia Ewald
na wenzake ishirini na watatu,
pumzi zao za vitunguu na usingizi,
nami nahesabu.

"Sivyo," nikamwambia. "Mwendo si mshahara
kwamba kila sekunde ilipwe sawa.
Ishirini za mwanzo zinakula mita hamsini.
Ishirini zinazofuata, mia na hamsini,
muda uleule,
kwa sababu zimekuta moto umeshakoka."
Akaandika. Mia mbili. Katikati.
"Na nusu iliyobaki ni hii hii,
imegeuzwa ndani nje kama soksi."
Arobaini, na arobaini nyingine.
Themanini.

Hakupenda. "Kina mara nne, muda mara mbili tu?"
Ndiyo, baba. Pana kipeuo cha pili hapo,
kimejificha kama kijiwe kwenye dengu.
Gawa umbali kwa mchapuko,
tafuta kipeuo, zidisha kwa mbili.
Akaifuta mia na sitini kwa kifutio kikavu
hata karatasi ikatoboka.

Novemba walibandika tangazo getini:
makaa yetu hayana tena mnunuzi,
shimo litajazwa zege.
Siku ya mwisho bendi ilipiga uani,
wapiga tarumbeta na manyoya mekundu kofiani,
na mvua ikiwanyeshea kwenye midomo ya shaba.

Kengele ikalia mara tatu.
Nikalikumbuka lile tundu kwenye karatasi.
Kuipata mia na sitini kwa kina kilekile,
robo mita nayo ikatwe robo:
sehemu moja ya kumi na sita.
Nikausogeza wenzo kama mtu afunguaye mlango
wa chumba alimolala mtoto mchanga.

Themanini zikapita,
muda ambao siku zote wanaume wangeshatoka
wakitafuta viberiti mifukoni,
na kamba ndiyo kwanza imefika katikati.
Bwana Kalus, msimamizi, aliitazama saa yake,
akanitazama mimi,
kisha akageukia dirishani, akaanza kusafisha miwani
ambayo haikuwa na uchafu.
Sikujua walikuwa wakisema nini mle kizimbani.
Labda hawakusema.
Mia na arobaini. Mia na hamsini na tisa.
Kizimba kikasimama bila kutikisa hata kofia.

Ewald alitoka wa mwisho, masizi kwenye kope.
"Mtambo wako umezeeka, Otylia."
"Umezeeka," nikasema.

Usiku nilimwomba Rufin afungue lile daftari
aiandike tena mia na sitini,
kwa wino safari hii, pembeni mwa tundu.
Hakuuliza kwa nini.
Aliuliza mchapuko ulikuwa kiasi gani.